Justin Morrill, Mwana wa Mhunzi Aliyewapatia Wakulima Vyuo

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali hiyo huwahusu zaidi wenye maduka, lakini leo tungependa kuitumia katika kuyasimulia maisha ya mtu ambaye alianza kazi akiwa karani wa duka kijijini, akaishia kuwa mtunga sheria ambaye jina lake limo katika historia ya vyuo vikuu vya kilimo vya Marekani. Mtu huyo ni Justin Smith Morrill. Hakuwa rais wala jemadari, wala hakuvumbua mashine yoyote. Katika maisha yake hakusoma hata siku moja katika chuo kikuu. Hata hivyo, yeye ndiye aliyepigania kwa zaidi ya miaka thelathini ruzuku ya serikali kwa ajili ya elimu ya watoto wa wakulima na mafundi.

Tumemchagua mtu huyu kwa sababu maswali yanayotokana na kazi yake yangali yanaulizwa katika nchi nyingi, zetu zikiwamo. Serikali ikiamua kutoa mali kwa ajili ya kufundisha kilimo, itafanyaje ili mali hiyo isipotee kama maji yamwagwayo mchangani? Na mali hiyo, je, imetoka kwa nani, na itamfikia nani? Msomaji ataona kwamba swali la kwanza Morrill alilijibu kwa busara kubwa. Swali la pili hakulijibu ila kwa nusu, na nusu iliyobaki imekuwa deni kwa nchi yake hata leo.

KARANI WA DUKA

Morrill alizaliwa tarehe 14 Aprili 1810 katika kijiji cha Strafford, jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki ya Marekani. Hiyo ni nchi ya vilima na mawe, yenye majira marefu ya baridi, ambayo watu wake wakati ule waliishi kwa kufuga kondoo na ng'ombe na kulima mashamba madogo madogo. Baba yake, Nathaniel, alikuwa mhunzi aliyewafulia vyuma wakulima wa jirani. Justin alikuwa mtoto wa kwanza katika nyumba ya watoto kumi.

Kijana huyu alipenda sana kusoma. Alihudhuria shule ya kijiji, kisha akapelekwa kwa muda mfupi katika shule mbili za miji ya karibu, Thetford na Randolph. Alipofika umri wa miaka kumi na mitano hivi, masomo yalikatika. Mhunzi hakuwa na uwezo wa kuwapeleka wanawe wote chuoni, na katika nyumba ya watoto wengi kumsomesha mmoja ni kuwanyima wengine. Basi Justin aliingia dukani kuwa karani, na elimu iliyobaki aliitafuta mwenyewe katika vitabu.

Kutoka Strafford alikwenda Portland, mji wa bandari katika jimbo la Maine, ambako alifanya kazi kwa wafanya biashara na kujifunza jinsi bidhaa na fedha zinavyosafiri. Mwaka 1831 alirudi kijijini kwake akashirikiana na mzee mmoja mwenye duka, Jedediah Harris, ambaye pia alikuwa hakimu. Biashara yao ilistawi. Katika vijiji vya namna hiyo duka halikuwa mahali pa kununua chumvi na nguo tu. Mkulima alikopa wakati wa kupanda na kulipa wakati wa kuvuna, na mtunza daftari aliyasoma mavuno ya nchi nzima katika madeni ya wateja wake. Tunadhani kwamba huko ndiko Morrill alikojifunza hesabu iliyomfaa baadaye kuliko masomo ya chuo chochote.

Mwaka 1848, akiwa na umri wa miaka 38 tu, aliacha biashara akiwa na mali ya kumtosha. Alijenga nyumba kijijini, akaipaka rangi ya waridi, na akaipanga bustani yake kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka 1851 alimwoa Ruth Swan kutoka jimbo la Massachusetts. Angaliweza kumaliza maisha yake hapo, akitunza miti yake na kusoma vitabu vyake. Lakini mwaka 1854 wananchi wa Vermont walimchagua kuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi mjini Washington, na tangu siku alipokula kiapo mwaka 1855 hakutoka Bungeni mpaka alipofariki dunia.

WAZO LILILOKATALIWA

Vyuo vya Marekani wakati huo vilikuwa vichache, na vingi viliwafundisha vijana Kilatini, Kigiriki, sheria na dini. Mtoto wa mkulima hakuwa na nafasi humo, na hata angaliipata, asingalifundishwa lo lote juu ya udongo, mbegu au magonjwa ya mifugo. Wakati huo huo mashamba ya majimbo ya mashariki yalikuwa yakichoka. Mkulima alilima mpaka ardhi ikakataa, kisha akafunga mizigo yake akaelekea magharibi kuanza upya katika ardhi nyingine. Morrill aliona kwamba taifa linalolima hivyo linakula akiba yake, na kwamba nchi kadhaa za Ulaya zilikuwa tayari zimefungua shule za kilimo.

Mwaka 1856 alitoa hoja ya kwanza, akitaka Bunge lichunguze kama inafaa kuanzisha shule za taifa za kilimo kama vile serikali ilivyokuwa na vyuo vya kufundishia maafisa wa jeshi. Hoja hiyo ilitupwa. Hapana budi tuseme kwa haki kwamba wazo hilo halikuwa lake peke yake. Katika jimbo la Illinois mwalimu mmoja aitwaye Jonathan Baldwin Turner alikuwa amekwisha zunguka miaka mingi akihubiri elimu ya juu kwa wafanya kazi, na mwaka 1853 bunge la jimbo hilo liliomba serikali kuu itoe ardhi kwa kusudi hilo. Jimbo la Michigan nalo lilifungua chuo chake cha kilimo mwaka 1857. Wazo, basi, lilikuwa hewani. Kazi ya Morrill ilikuwa kulishusha chini na kulifanya kuwa sheria.

Desemba 1857 alileta muswada. Kwa kuwa serikali kuu haikuwa na fedha nyingi lakini ilikuwa na ardhi nyingi, alipendekeza majimbo yapewe ardhi badala ya fedha. Muswada ulipita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 105 dhidi ya 100, na katika Baraza la Seneti kwa kura 25 dhidi ya 22. Ushindi huo mwembamba haukudumu. Februari 1859 Rais James Buchanan alikataa kutia sahihi, akidai kwamba katiba haikuiruhusu serikali kuu kufanya hivyo, kwamba hazina ingepungukiwa, na kwamba majimbo yangezoea kuitegemea Washington. Nyuma ya hoja hizo walikuwapo wajumbe wa kusini ambao hawakupenda serikali kuu iingize mkono katika mambo ya elimu, na wajumbe wa magharibi walioogopa kwamba ardhi yao ingeangukia mikononi mwa walanguzi.

Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza, na wajumbe wa kusini wakaondoka Bungeni. Morrill alileta muswada wake upya, na seneta Benjamin Wade wa Ohio akausimamia katika Baraza la Seneti. Safari hii ulipita kwa wingi mkubwa, na tarehe 2 Julai 1862 Rais Abraham Lincoln akautia sahihi. Nchi ilikuwa ikichinjana, na hapo hapo ikapitisha sheria ya kufungua vyuo.

MASHARTI YA RUZUKU

Hapa ndipo tunapotaka kumshika msomaji mkono na kutembea naye polepole, kwa maana ubora wa sheria hii haumo katika ukubwa wa zawadi bali katika masharti yake.

Kila jimbo lilipewa ekari 30,000 kwa kila seneta na kila mjumbe wake Bungeni. Kwa kuwa kila jimbo lina maseneta wawili na angalau mjumbe mmoja, hata jimbo dogo kabisa lilipata ekari 90,000, na New York, jimbo kubwa kupita yote kwa watu, lilipata karibu ekari 990,000. Jimbo lililokuwa na ardhi ya serikali kuu ndani ya mipaka yake lilichagua humo. Jimbo ambalo halikuwa nayo lilipewa hati za kuuza, na mnunuzi wa hati ndiye aliyekwenda kuchagua ardhi mahali pengine.

Fedha iliyopatikana haikuruhusiwa kutumiwa ovyo. Ilipasa kuwekwa katika dhamana zenye kuleta faida isiyopungua asilimia tano kwa mwaka, na faida hiyo tu ndiyo iliyotumika kuendesha chuo. Fedha yenyewe ya msingi ilipasa kubaki bila kuguswa milele. Ikipungua kwa sababu yo yote, jimbo lilipaswa kuirudisha. Wasomaji wetu wanaozifahamu desturi za wakfu watalielewa jambo hili mara moja: shamba la wakfu haliuzwi, ila nazi zake huangushwa kila msimu na kuwafaa waliokusudiwa.

Sharti jingine lilisema kwamba si zaidi ya asilimia kumi ingeweza kutumika kununulia kiwanja au shamba la majaribio, na kwamba hata senti moja isitumike kujenga wala kutengeneza majengo. Majengo yalikuwa juu ya jimbo lenyewe. Kwa njia hiyo jimbo lililotaka ruzuku lililazimika kutia jasho lake pia. Tena lilipewa miaka mitano tu kufungua chuo. Likishindwa, lirudishe fedha. Kila mwaka chuo kilipaswa kutoa taarifa ya maendeleo yake na ya majaribio iliyofanya. Na masomo yalitajwa wazi: kilimo na ufundi ndiyo yawe ya kwanza, pamoja na mafunzo ya kijeshi, lakini bila ya kuyafukuza masomo mengine ya sayansi na fasihi. Morrill hakutaka mtoto wa mkulima afundishwe kushika jembe tu, kwani kushika jembe alikwisha fundishwa nyumbani. Alitaka asome kwa ukamilifu kama mtoto wa hakimu.

Ukiyatazama masharti hayo utamwona karani wa Strafford na daftari lake. Alijua kwamba mkopaji asiyeweka rehani husahau, na kwamba mtaji ukiliwa duka hufungwa.

MAVUNO YA KWANZA

Jimbo la Iowa ndilo lililokuwa la kwanza kuikubali sheria hiyo, mwaka huo huo wa 1862, na Kansas ilifungua chuo chake mwaka 1863. Lakini si kila jimbo lililotumia akili. Ardhi ya serikali kuu iliuzwa kwa kawaida dola moja na senti 25 kwa ekari, na hati nyingi zilipoletwa sokoni kwa pamoja bei ilianguka. Rhode Island iliuza haki yake yote ya ekari 120,000 kwa dola 50,000, yaani kiasi cha senti 42 kwa ekari. Katika New York mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Tajiri mmoja aliyeitwa Ezra Cornell alizinunua hati za jimbo lake, akachagua kwa hati hizo misitu ya misonobari katika jimbo la Wisconsin, akaahidi kwamba faida yote itakuwa ya chuo, na akangojea. Miaka ilipopita na mbao zikapanda bei, chuo kikuu chenye jina lake kilipata karibu dola milioni tano. Sheria ilikuwa moja, lakini mmoja aliuza kwa haraka na mwingine akasubiri.

Shida nyingine ilikuwa kubwa zaidi. Vyuo vilifunguliwa, lakini elimu yenyewe ya kilimo ilikuwa changa. Vitabu vya kufundishia vilikuwa haba, na walimu waliojua sayansi ya udongo walihesabika. Wanafunzi wengi walichagua masomo mengine. Wakulima walinung'unika kwamba vyuo vimepewa mali kwa jina lao na sasa vinafundisha yale yale ya zamani. Manung'uniko hayo hayakuwa ya bure. Katika Connecticut na Rhode Island vyama vya wakulima vilipambana mpaka ruzuku ikaondolewa kutoka vyuo vikuu vya zamani na kupewa vyuo vipya vya kilimo katika miaka ya 1890.

Dawa ya upungufu wa elimu ilikuwa utafiti. Mwaka 1887 mbunge William Hatch wa Missouri alipitisha sheria iliyotoa dola 15,000 kila mwaka kwa kila jimbo ili kuendesha kituo cha majaribio ya kilimo karibu na chuo. Tangu hapo mwalimu alipata cha kufundisha, kwani alichokisema darasani alikuwa amekwisha kijaribu shambani.

WALIOACHWA NJE YA MLANGO

Sasa tufike kwenye lile swali la pili. Sheria ya mwaka 1862 haikutaja rangi ya mtu. Lakini vita vilipokwisha na majimbo ya kusini yakapata nayo ruzuku, mengi kati yao yaliitumia kwa vyuo ambavyo mtoto wa Mwafrika hakuruhusiwa kukanyaga. Yalikuwapo majimbo machache yaliyotoa fungu kwa watu weusi, kama vile Mississippi, ambako Chuo cha Alcorn kilipata sehemu yake tangu mwaka 1871. Kwa jumla, hata hivyo, watu waliotoka utumwani, ambao ndio waliokuwa wameilima kusini yote kwa mikono yao, walisimama nje ya vyuo vya kilimo.

Morrill, ambaye sasa alikuwa seneta tangu mwaka 1867, alianza mwaka 1872 kutafuta sheria ya pili. Aliileta, ikashindwa. Akaileta tena na tena, kwa umbo hili na lile, kwa miaka kumi na minane. Hatimaye tarehe 30 Agosti 1890 Rais Benjamin Harrison aliitia sahihi. Mzee alikuwa na umri wa miaka 80. Sheria hiyo ilitoa fedha taslimu, dola 15,000 kwa kila jimbo katika mwaka wa kwanza, zikiongezeka dola 1,000 kila mwaka mpaka kufikia 25,000. Ilitamka kwamba jimbo linalobagua wanafunzi kwa rangi lisipewe kitu, isipokuwa kama litafungua chuo cha pili kwa ajili ya watu weusi na kugawanya fedha kwa haki baina ya vyuo viwili.

Tuseme bila kuficha kwamba hayo yalikuwa maafikiano, na maafikiano yana bei. Upande mmoja, ruzuku hiyo ililea vyuo vya watu weusi katika majimbo kumi na saba, na vyuo hivyo vimewasomesha mabwana shamba, walimu na wahandisi wengi hata leo. Upande wa pili, sheria ilikubali ubaguzi uendelee maadamu kila upande umepata fungu. Na fungu la haki halikuwa fungu sawa. Majimbo yaliendelea kuvinyima vyuo hivyo. Mwaka 2023, zaidi ya karne moja baadaye, mawaziri wa elimu na kilimo wa Marekani waliwaandikia magavana wa majimbo kumi na sita kuwaeleza kwamba vyuo hivyo vilikuwa vimepunjwa zaidi ya dola bilioni 12 katika miaka kama thelathini. Daftari, kama tulivyosema, halisahau.

Kuhusu kilichopotea kwa kufunga milango hiyo, tumtazame kijana mmoja tu. George Washington Carver alizaliwa utumwani Missouri. Mwaka 1891 alipokelewa katika chuo cha Iowa, kile kile cha jimbo lililokuwa la kwanza kuikubali sheria ya Morrill, na mwaka 1896 akamaliza shahada yake ya pili katika kilimo. Kutoka hapo alikwenda Tuskegee, katika jimbo la Alabama, kuwafundisha wakulima maskini kuirudishia rutuba ardhi iliyochoshwa na pamba, kwa kupanda kunde, karanga na viazi vitamu. Mlango mmoja ulifunguliwa kwa mtu mmoja, na faida yake ikaenea mbali.

MWISHO WA SAFARI

Katika Baraza la Seneti Morrill aliheshimiwa kwa elimu yake ya fedha na kodi, akawa mwenyekiti wa kamati ya fedha kwa miaka mingi. Alisaidia pia kupatikana kwa jengo kubwa la maktaba ya Bunge mjini Washington, lililofunguliwa mwaka 1897. Mkewe Ruth alifariki mwaka 1898, na tarehe 28 Desemba mwaka huo huo naye Morrill alifariki mjini Washington, akiwa na umri wa miaka 88, baada ya kulitumikia Bunge karibu miaka 44. Alizikwa kijijini kwake Strafford. Nyumba yake ya rangi ya waridi ingali imesimama, na imehifadhiwa pamoja na bustani yake.

Kazi yake iliendelea baada yake. Mwaka 1914 sheria nyingine ilitoa ruzuku ili elimu ya vyuo ipelekwe mpaka shambani na nyumbani kwa mkulima kwa njia ya mabwana shamba na mabibi maendeleo. Mwaka 1917 ikaja sheria ya kusaidia mafunzo ya kilimo katika shule za sekondari. Serikali kuu ilichangia mishahara ya walimu, na kwa kila dola iliyotoa, jimbo au wilaya ilipaswa kutoa dola yake. Mwanafunzi naye alitakiwa afanye kazi ya kilimo chini ya uangalizi kwa angalau miezi sita kila mwaka, iwe katika shamba la shule au kwao. Ni masharti ya namna ile ile: anayepewa naye atie mkono wake, na kinachofundishwa kionekane shambani.

Hata bara letu liliguswa. Katika miaka ya 1950 chuo kikuu cha ruzuku cha Oklahoma kilisaidia kuanzisha shule ya kilimo ya Jimma na chuo cha Alemaya huko Ethiopia. Mwaka 1960 kile cha Michigan kilisaidia kuanzishwa kwa chuo kikuu cha Nsukka nchini Nigeria, na baadaye kile cha Illinois kilishirikiana na chuo cha Njala nchini Sierra Leone. Vyuo hivyo vya Afrika vilikua na kuwa mali ya nchi zao wenyewe, kama mche unaopandwa katika udongo mwingine.

ARDHI ILIKUWA YA NANI?

Lakini tungekuwa tumelifunga daftari mapema kama tungeishia hapo. Tulisema kwamba serikali ya Marekani haikuwa na fedha bali ilikuwa na ardhi. Msomaji makini amekwisha jiuliza: ardhi hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwa wenyeji wa asili wa nchi ile, ambao walinyang'anywa kwa vita, au kwa mikataba waliyosainishwa kwa shida na hofu. Ile misitu ya Wisconsin iliyoitajirisha Cornell ilikuwa kwa sehemu kubwa nchi ya Waojibwe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba sheria ya 1862 iligawa karibu ekari milioni 11 zilizokuwa za makabila na mataifa yapatayo 250. Nyingi zilikuwa zimelipiwa fedha kidogo mno, na nyingine hazikulipiwa hata senti moja. Sheria haikuwataja watu hao. Zawadi ilitolewa, ila mtoaji halisi hakuulizwa wala hakushukuriwa.

Ilipasa kungoja mpaka mwaka 1994 ndipo Bunge lilipoviingiza katika orodha ya vyuo vya ruzuku vyuo 29 vya wenyeji hao. Vingi vilikuwa vyuo vidogo vya jamii vyenye masomo ya miaka miwili, vilivyojengwa na makabila yenyewe katika maeneo yao, kwa mfano wa chuo cha Wanavajo kilichoanzishwa mwaka 1968. Havikupewa ardhi, bali mfuko wa fedha, na kama ilivyokuwa katika sheria ya Morrill, faida yake tu ndiyo itumiwayo. Humo vijana husoma utunzaji wa malisho, maji, mbegu za asili na mifugo. Miaka 132 ilikuwa imepita tangu Lincoln atie sahihi yake.

Ndugu msomaji, hatukuyaandika haya ili kumpunguzia Morrill heshima yake. Kijana aliyekatishwa masomo kwa umaskini wa baba yake, na ambaye alipopata nguvu hakuufunga mlango nyuma yake bali akawafungulia wengine, anastahili kukumbukwa. Alituachia fundisho kwamba ruzuku ya elimu ya kilimo hudumu pale ambapo mtaji wake unalindwa, mpokeaji anachangia, na hesabu inatolewa hadharani kila mwaka. Maisha yake yametuachia pia fundisho la pili, ambalo yeye mwenyewe hakulimaliza: kwamba katika daftari la ruzuku kuna kurasa mbili, wa waliopokea na wa waliotoa, na anayetaka hesabu iliyo sawa hana budi kuzisoma zote mbili.